Miaka sita na klasta ya seva nane Dar: mteja hanunui mashine, ananunua kazi iliyoisha

FundiKlasta (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nimeona mara kadhaa watu humu wanauliza kama biashara ya HPC inalipa hapa Bongo, yaani kukusanya seva kadhaa zikapiga hesabu nzito kwa pamoja halafu ukawauzia watu muda, na majibu mengi naona yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kulipia LUKU ya klasta. Mimi naendesha moja, mwaka wa sita huu, nina nodi nane, yaani seva nane, kila moja ina kori 16 (vichwa vya kupiga hesabu ndani ya prosesa), kwahiyo jumla kori 128. Wateja wangu ni wahandisi wa majengo na wa maji, wanafunzi wa masters na PhD wa hali ya hewa, watu wa jenomu (wanaosoma vinasaba), na kuna jamaa wa katuni za 3D huwa wanakuja msimu wa matangazo. Nitaeleza nilichopitia, ulizeni mnachotaka, sina siri.

Tuanze na hela maana ndo inayowavuta wengi. Seva zangu ni mtumba, zile za prosesa za Xeon E5 mbili mbili, kila moja ikifanya kazi kweli kweli inakula kama wati 300. Nane ni wati 2,400. Sasa huo umeme wote unageuka joto, na joto la Dar mnalijua, kwahiyo lazima kiyoyozi, zidisha wati 2,400 kwa 3.4 unapata kama BTU 8,200 kwa saa, ndo maana nikafunga cha 12,000 na chenyewe kinakula kama kilowati moja. Kwa mwezi mzima klasta ikiwa imejaa ni yuniti 2,400 na ushee, kwa shilingi 356 kwa yuniti ni kama laki 8 na 70. Weka pango, intaneti, mshahara wa kijana mmoja, diski zinazokufa, natoka milioni 2.6 hivi.

Kori 128 kwa saa 720 za mwezi ni kori-saa 92,160. Ukigawanya unaona kila kori-saa imekugharimu shilingi 28, unafurahi, unaweka bei 50 unasema faida hii hapa. Hapo ndo wengi wanapofia na mimi mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Klasta haijai! Mwaka ule nilikuwa nauza kama theluthi moja tu, kori-saa elfu 30, na umeme haupungui kwa kiasi hicho maana seva iliyokaa bure nayo inakula, pango ni lile lile, kijana anakula kila siku. Kwahiyo kila kori-saa niliyouza kwa 50 ilikuwa imenigharimu zaidi ya 80. Miezi kumi na moja nimefanya kazi ya kupoteza hela.

Kilichonitoa sio mashine zaidi wala kushusha bei, ni namna ya kuuza na programu nilizoandika mwenyewe, na nataka tuongelee hilo zaidi.

Kamanda_Tabata

Mkuu shukrani kwa namba, ni mara ya kwanza naona mtu anaweka hesabu wazi hivi. Swali, kwanini usiuze zile seva za zamani ukanunua kadi za gemu kama RTX 3090 mbili tatu? Nasikia kadi moja ina nguvu kuliko seva zako zote.

FundiKlasta

Kamanda swali zuri, inategemea hesabu gani. Kwa mambo ya AI na katuni uko sahihi, nina mashine moja yenye kadi mbili kwa ajili ya hao hao. Lakini wahandisi na watu wa kemia wengi hesabu zao ni za biti 64, wanahitaji tarakimu nyingi baada ya nukta la sivyo kosa dogo linakua kila hatua mpaka jibu linaharibika. Kadi za gemu zimebanwa hapo, 3090 kwa biti 64 inaenda kwa 1/64 ya kasi yake ya biti 32, kutoka teraflopi 35 (hesabu trilioni 35 kwa sekunde) unabaki na kama 0.56. Kadi ambazo hazijabanwa ni za seva kama A100, 9.7 kwa biti 64, na bei yake hapa unajenga nyumba kabisa.

Halafu kadi nyingi za gemu, 3090 ikiwemo, memori yake haina ECC, ulinzi wa kugundua na kusahihisha biti iliyogeuka, na seva zangu pamoja na uzee zinayo. Kazi ikikimbia siku nne biti moja ikageuka hutajua, utampa mteja jibu la uongo kwa nia njema. Mhandisi anaenda kujenga nalo.

msee_wa_ngong

Nairobi hapa. Niko na swali kaka, si ni rahisi kuenda cloud tu, ukodishe mashine za makampuni makubwa kwa mtandao? Stima huku kwetu ni ghali kuliko kwenu, mimi nilipiga hesabu nikaacha hiyo maneno ya seva.

FundiKlasta

Karibu sana ndugu yangu. Cloud ni sawa kwa kazi ya mara moja moja na mimi mwenyewe kuna kazi naipeleka huko. Ila angalia vitu viwili, kuingiza data ni bure lkn kuitoa unalipishwa kwa gigabaiti, na bili inakuja kwa dola, mwanafunzi aliyesahau kuzima mashine wikiendi Jumatatu anakuja analia. Dada yetu wa jenomu akipita humu atakwambia la data.

mama_jenomu

Nimepita 😊 Mimi ni mteja wa mwanzisha uzi, naomba niseme kwa upande wetu. Sampuli moja ya jenomu nzima ya binadamu kwa usomaji wa mara 30 inafika gigabaiti 100 hivi, mimi nilikuwa nazo 24. Kupandisha terabaiti mbili na nusu kwa intaneti ya ofisini kwetu ni wiki kadhaa na ikikatika unaanza upya. Nilizipeleka kwa diski nimebeba kwenye mkoba, nikapanda daladala mpaka kwa huyu kaka, nusu saa kasoro nikawa nimefika.

La pili ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023 na taarifa za vinasaba ni za watu, sio za kuzirusha ovyo nje ya nchi. Alinionyesha cheti chake cha usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akanisainisha karatasi kwamba baada ya kazi anafuta na ananipa logi ya ufutaji. Hicho ndicho kilichonifanya nibaki nae, bei yake sikuiuliza hata mara mbili.

Kaka hebu waeleze ile habari ya laptop ya yule kijana wetu wa maabara.

FundiKlasta

Dada ahsante. Hiyo nitaeleza maana ina somo ndani yake kwa wanaoandika programu.

Kijana alikuja na skripti ya Python, hesabu za matrisi, akaikimbiza kwangu kwenye nodi ya kori 16. Baada ya saa tatu akanipigia, kwa heshima kabisa lkn amekereka, "bro mashine yenu ni mbovu, laptop yangu inaipita." Nikaingia kwenye nodi nikafungua top, programu inayoonyesha mzigo wa mashine. Mzigo unasoma 256! Kori ziko 16. Nikajua hapo hapo. Skripti yake ilikuwa inazaa michakato 16, vizuri, lkn maktaba ya hesabu iliyo chini ya numpy (kifurushi cha hesabu cha Python) nayo kila mchakato ukianza inaangalia mashine ina kori ngapi, inaona 16, inafungua nyuzi 16, yaani thread, mikondo ya kazi ndani ya mchakato. 16 mara 16. Nyuzi 256 zinagombania kori 16 kama abiria wa mwendokasi saa moja asubuhi, muda wote unaisha kwenye kusukumana. Dawa yake ni mstari mmoja, OMP_NUM_THREADS=1 juu ya skripti, yaani kila mchakato uzi mmoja. Kazi iliyokuwa inaelekea kuchukua saa tisa ikaisha kwa dakika 40.

Sasa fikirieni kibiashara. Kama nauza kori-saa, mimi nilifaidika na ile skripti mbovu! Kijana angelipa saa tisa mara kori 16. Nilikaa na hiyo siku nzima inanikera, yaani bei yangu inanifanya nitake mteja wangu aendelee kukosea. Tangu hapo nikabadilisha, kazi kubwa nauza kwa kazi sio kwa saa. Tunaangalia faili zako, tunakimbiza kipande kidogo, nakupa bei na siku ya kumaliza. Nikiifanya iende mara tano haraka faida ni yangu, na wewe unapata jibu mapema. Mwezi wa tatu baada ya hapo ndo mara ya kwanza biashara ilijilipa.

dogo_mwaka_wa_tatu

Shikamoo kaka. Kwahiyo kama kori 16 zinatoa saa moja, kori 128 zitatoa dakika 7 na nusu? Naomba kuelewa, tumefundishwa lkn sikushika.

FundiKlasta

Marahaba dogo. Hapana, na wateja wengi wananiuliza hivyo hivyo. Chukua pilau la shughuli. Wamama ishirini wakikaa kumenya vitunguu wanamaliza upesi kuliko mmoja, sawa, lkn mchele ukishaingia kwenye sufuria unaiva kwa muda wake, hata waje wamama mia moja. Mtaalamu wa kompyuta Amdahl aliliandika hilo 1967. Kama asilimia 5 ya programu yako lazima ifanywe na mmoja, basi hata ukipewa kori milioni hutazidi mara 20.

Na wamama lazima waongee. Nodi zinapeana matokeo kila hatua, kwa waya wa kawaida wa gigabiti ujumbe mdogo unachukua makumi ya mikrosekunde, kwa InfiniBand, mtandao wa kasi wa kuunganisha seva, ni moja au mbili. Mimi nilianza na swichi ya kawaida, OpenFOAM, programu ya hesabu za mtiririko wa hewa na maji, ikitoka nodi mbili kwenda nne haiongezi kasi, ikienda nane inapungua kabisa. Nikatafuta kadi za InfiniBand za mtumba za gigabiti 56, ndo hela ambayo sijawahi kuijutia.

Mzee_wa_Seva

Vijana mnanikumbusha mbali. Hii ya kuunga mashine za kawaida ilianza 1994 pale NASA Goddard, Sterling na Becker waliunga kompyuta 16 za prosesa ya 486 kwa waya za megabiti 10, wakaiita Beowulf. Kabla ya hapo ilikuwa ununue kompyuta kuu nzima kwa kampuni kama Cray. Na mwanzisha uzi ana hoja kuhusu kuuza vyuma, angalieni miaka ile ile, Thinking Machines, watengenezaji wa kompyuta kuu, ilifilisika 1994, na kampuni ya Seymour Cray mwenyewe kule Colorado Springs ikafuata 1995, mashine yao ya Cray-3 waliweka moja ya majaribio NCAR, kituo cha Marekani cha utafiti wa anga, na mnunuzi hakupatikana. Mtu aliyekuwa fundi kuliko wote duniani wa kazi hiyo.

Ila kijana wangu usidharau mashine za bure. Kompyuta kuu Ranger ya Texas ilipozimwa 2013, ilikuwa na kori 62,976, makabati yake mengine yaligawiwa taasisi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kuna watu wameanza kujifunza hii kazi kwa vyuma vile.

FundiKlasta

Mzee shikamoo, na nashukuru kwa historia. Sidharau hata kidogo, kwa kufundishia hakuna kama vile. Ninachosema ni kwa mtu anayelipa umeme kutoka mfukoni, mashine ya zamani ya bure inaweza kula kwa mwaka mmoja hela ambayo ingenunua mpya zaidi. Mimi kila mwaka napiga hesabu ya wati kwa kazi, nodi ikishindwa inaenda kwa mwanafunzi.

Na hiyo ya kufilisika mzee umegusa penyewe. Upande wa pili angalia Slurm, programu ya foleni, ilizaliwa maabara ya Lawrence Livermore, ni huria, mtu yeyote anaichukua bure, na bado walioiandika walifungua kampuni yao 2010 ya kuuza huduma na msaada juu yake, ikaishi vizuri.

Kamanda_Tabata

Sasa wewe programu ulizoandika ni zipi hasa? Slurm ipo, OpenFOAM ipo, WRF ya hali ya hewa ipo, vyote bure. Unabaki unaandika nini?

FundiKlasta

Kamanda hapa ndo penyewe, nivumilieni nitaandika ndefu.

Mwaka wa pili nilipata kazi ya mhandisi mmoja, upepo kuzunguka jengo refu, OpenFOAM, nodi zote nane, makadirio saa 70. Nilikuwa nalala ofisini siku hizo. Usiku wa tatu, kama saa nane hivi, nikaamka, na kilichoniamsha ni ukimya. Ukishazoea feni za seva ukimya ndo unakutoa usingizini. Umeme umekata. UPS yangu ilikuwa inabeba swichi na seva kuu tu, nodi zote zimezima. Nikakaa pale gizani na tochi ya simu, naangalia taa moja ya kijani ya swichi. Ilikuwa saa ya 61.

Uliporudi nikafungua folda yake. Tupu. Kwenye controlDict, faili la mipangilio la OpenFOAM, alikuwa ameweka matokeo yaandikwe mwisho tu, aliogopa kujaza diski, na mimi sikuwa nimeangalia. Saa 61 hazipo. Asubuhi nikampigia, nikamwambia ukweli wote, nikamrudishia hela, nikarudia kazi bure, akachelewa kuwasilisha kwa watu wake. Hakunigombeza, alisema tu "sawa ndugu yangu" kwa sauti ya chini na mpaka leo naisikia.

Wiki ile ile nikaanza kuandika. Nikanunua betri za nodi zote, zinanipa dakika 12. Seva kuu inasikiliza UPS kwa NUT, programu huria ya kufuatilia UPS, umeme ukikata na usirudi ndani ya dakika mbili inaanza kutembelea kazi moja moja kwenye foleni na kila programu inaiongelesha kwa lugha yake. OpenFOAM inabadilishiwa stopAt kuwa writeNow, inaandika ilipofika inasimama. GROMACS, ya kuiga mienendo ya molekuli, inatumiwa ishara ya kusimama, yenyewe inajua kuandika hali yake kabla ya kufa. WRF haina ustaarabu huo, kwahiyo hiyo nilitatua mapema, kazi yoyote ya WRF ikiletwa skripti inafungua namelist, faili lake la mipangilio, na kama restart_interval (kila baada ya muda gani ihifadhi hali yake) haipo au ni kubwa kuliko dakika 180 za hali ya hewa inayokokotolewa inamkatalia mteja na kumwambia kwanini kwa Kiswahili. Baada ya hapo nodi zinazimwa kwa adabu, umeme ukirudi zinawaka, kazi zinarudi foleni na kuendelea zilipoishia.

Mistari kama 900 ya Python na Bash, sio kitu cha kujivunia kwa urefu. Ila tangu iwekwe umeme umekata mara sijui ngapi, kazi kubwa kabisa iliyopotea ni ya saa tatu ya mtu mmoja.

Vingine nilivyoandika ni vya kawaida. Ukurasa wa kupakia kazi ili mteja asiguse terminali, ripoti ya matumizi inayotoka kwenye hesabu za Slurm na kugeuka ankara, namba za EFD zinaingia humo humo, na ujumbe wa simu kazi ikianza na ikiisha. Huo ujumbe wa simu usiuone mdogo, ulipunguza simu za "bro imefikia wapi" kwa zaidi ya nusu, na kijana wangu akapata muda wa kufanya kazi.

msee_wa_ngong

Aisee. Hiyo ya UPS nimesoma mara mbili. Na foleni unafanya aje, si wakubwa wanaziba wadogo?

FundiKlasta

Umewahi kuona kivuko cha Kigamboni? Lori linasubiri nafasi yake, bajaji na pikipiki zinapenya pembeni palipobaki wazi bila kulichelewesha lori. Slurm inafanya hivyo yenyewe, lkn inahitaji kila mtu aseme kweli kazi yake itachukua muda gani. Watu wakiogopa wanaandika siku saba kwa kazi ya saa mbili, hapo bajaji yote inaonekana lori. Kwahiyo niliweka hivi, ukikadiria karibu na ukweli bei inashuka kidogo. Ndani ya miezi miwili foleni ikalegea.

mama_jenomu

Malipo ya taasisi nayo waambie kaka, wasije wakaingia kichwa kichwa.

FundiKlasta

Kweli dada. Taasisi za umma manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, jisajili mapema hata kama huna mteja bado, na weka pembeni hela ya miezi sita. Kuna sehemu moja nilimaliza kazi kwa wiki mbili nikalipwa mwezi wa saba tangu niimalize. Hela ya mwanafunzi na ya kampuni binafsi nachukua nusu kabla. Na VAT usiisahau kwenye bei, asilimia 18 ikija baadae inakula faida yote.

dogo_mwaka_wa_tatu

Kaka mimi sina mtaji wa seva hata moja, nina desktop mbili za zamani na nyingine naweza kuazima. Nianzie wapi?

FundiKlasta

Tatu zinatosha kabisa dogo. Tafuta swichi ndogo, weka Linux ya Rocky au Ubuntu kwenye zote, moja iwe seva kuu mbili ziwe nodi, weka Slurm, weka folda ya pamoja kwa NFS. Itakuchukua wiki, utakwama kwenye munge (inayothibitisha utambulisho kati ya mashine za Slurm) na saa za mashine zisizolingana, ukikwama uliza hapa hapa. Ikikubali chukua GROMACS, kuna mifano ya bure ya protini ndogo, ikimbize kwenye nodi zote mbili.

Halafu ikiwa katikati nenda kachomoe waya wa umeme wa nodi moja kwa mkono wako. Usizime kwa amri, chomoa. Angalia foleni inasema nini, angalia faili la cpt, ambamo GROMACS inahifadhi ilipofika, liko wapi na lina dakika ngapi, chomeka tena, jaribu kuendeleza kazi ilipoishia. Ukifanikiwa niandikie inbox, nina nodi moja inatoka mwezi ujao na natafuta wa kumpa.